Jina lililoandikwa juu ya noti: je, preludio na fuga nane fupi ni za Bach?

"Shikamoo Mwalimu. Napiga kinanda kanisani kwetu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Tuna kinanda cha umeme chenye kibodi mbili na pedali za miguu. Mwalimu aliyenifundisha, ambaye sasa ni marehemu, aliniachia daftari la noti alilonakili kwa mkono wake enzi za ujana wake. Ndani zimo preludio na fuga nane fupi, na juu ameandika 'J. S. Bach'. Baada ya hizo kuna kipande kingine kisicho na jina, nami siku zote nimekihesabu kuwa cha Bach pia. Mwezi uliopita tulikuwa na tamasha la kwaya, nikapiga ile ya F meja, na kwenye ratiba tukaandika Bach. Tulipomaliza, mgeni mmoja aliyesomea muziki akaniambia mbele ya wanakwaya kwamba hizo si za Bach, ni za mtu anayeitwa Krebs, na kwamba hata ile Tokata maarufu ya D maina si yake, kompyuta imeshathibitisha. Nilinyamaza, ila roho iliniuma. Je, nimekuwa nikiwadanganya waumini miaka yote hii? Nimetazama mtandaoni, zina namba BWV 553 hadi 560. Sasa BWV si ndiyo Bach mwenyewe? Niache kuzipiga? Na lile jina kwenye daftari la mwalimu wangu, nilifute?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo lililokuuma. Hukumdanganya mtu. Mwongo ni yule anayeujua ukweli akasema kinyume chake. Wewe ulisema ulichopokea kwa mwalimu wako, naye alisema alichopokea kwa wake, na wachapishaji wakubwa wa Ujerumani katika karne ya 19 walisema hivyohivyo. Mgeni wenu alikuwa na jambo moja la kweli mkononi, akaliongezea matatu ambayo hayajathibitika: kwamba mtunzi ni Krebs, kwamba Tokata imeshaondolewa kwa Bach, na kwamba kompyuta imeimaliza kesi. Na hata lile la kweli, angekuvuta pembeni akuambie mkiwa wawili.

La kweli ni kwamba wataalamu wengi leo hawaamini kuwa zile nane ni za Johann Sebastian Bach, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya 18. Si uvumi wa mtandaoni, ni mashaka yaliyodumu kwa miongo mingi, na yanaanzia kwenye karatasi. Hakuna hata ukurasa mmoja wa vipande hivyo uliobaki kwa mwandiko wa Bach. Tunazifahamu kupitia nakala ya karne ya 18 iliyohifadhiwa katika maktaba ya serikali mjini Berlin, ambayo watafiti huitaja kwa namba yake ya rafu, P 281. Mwandiko ule si wa Bach. Kwa kazi zake nyingine kubwa za kinanda mara nyingi tunapata nakala kadhaa, za wanafunzi tofauti, waliokaa miji tofauti, na zote zinakubaliana juu ya jina. Kwa hizi nane tumebaki na shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe hakuwa mezani wakati mtunzi anaandika.

Ili uone jinsi jina linavyoweza kupotea, usiifikirie enzi ile kama yetu, ambapo noti zinatoka dukani na jina limepigwa chapa kwenye jalada. Muziki wa kinanda cha kanisa haukuchapishwa sana. Kuchonga noti kwenye bamba la shaba kuligharimu, na wanunuzi walikuwa wachache. Bach mwenyewe, katika miaka 65 ya maisha yake, alichapisha vitabu vichache tu vyenye muziki wa kinanda cha kanisa: mkusanyo mkubwa wa mwaka 1739, na vingine viwili vidogo katika miaka yake ya mwisho. Yaliyobaki yote yaliishi kwa kunakiliwa. Mwanafunzi alikuja kwa mwalimu, akaazimwa karatasi, akaketi na kalamu ya unyoya, akanakili noti baada ya noti. Kunakili ndiko kulikokuwa kusoma kwenyewe. Juu ya ukurasa aliandika jina kamili akipenda, au "J. S. B.", au "Bach" peke yake, katika ukoo uliokuwa na wanamuziki kwa makumi. Na mara nyingi hakuandika kitu, kwa sababu daftari ni lake na yeye anajua ni cha nani.

Kisha mwenye daftari anafariki. Daftari linauzwa pamoja na vitabu vingine, linafungwa katika jalada moja na karatasi za mtu mwingine kabisa, na mmiliki mpya, akiona ukurasa usio na jina, anaandika kwa kukisia. Na makisio hukimbilia kwenye jina kubwa. Sisi tunalijua hilo vizuri. Hesabu ni tungo ngapi za pwani zimebebeshwa jina la Fumo Liyongo, kwa sababu tu ni za kale, ni nzuri, na jina lake lilikuwa linasubiri hapo.

Nikupe mfano ambao huenda umeupiga kwa vidole vyako mwenyewe. Ile minueti ya G meja ambayo watoto wote wanaojifunza piano huipiga mapema, iliyoandikwa "Bach" kwenye vitabu vingi hadi leo, ni ya Christian Petzold, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Sofia mjini Dresden. Ilinakiliwa bila jina kwenye daftari la familia ambalo Anna Magdalena, mke wa Bach, alilianza mwaka 1725. Watu wakaona daftari ni la nyumba ya Bach, basi kila kilichomo wakakihesabu ni cha Bach. Ilikuwa miaka ya 1970 ndipo mtafiti Hans-Joachim Schulze alipoonyesha mwenyewe hasa ni nani. Hapo katikati hakupita mdanganyifu hata mmoja. Mama alinakili muziki alioupenda, basi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vipande vya kinanda. Mjini Weimar, mpiga kinanda Johann Tobias Krebs alisoma kwa Johann Gottfried Walther, kisha kwa Bach, ambaye alikuwa ndugu wa ukoo wa huyo Walther na akifanya kazi mji uleule. Kuna juzuu tatu kubwa ambamo mwandiko wa Walther, wa Krebs huyo na wa mwanawe Johann Ludwig Krebs umekaa ubavu kwa ubavu, zikiwa zimejaa kazi za watunzi mbalimbali. Mazingira yakiwa hayo, kazi kuhama baba ni rahisi mno. BWV 692 na 693, mapambio mawili ya wimbo mmoja wa kanisa, ni ya Walther. BWV 759 ni ya Gottfried August Homilius, aliyesoma kwa Bach. Zote zilichapishwa zamani kwa jina la Bach, na zote bado zina namba zake.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la BWV. Herufi hizo zinasimama kwa maneno ya Kijerumani yanayomaanisha orodha ya kazi za Bach. Orodha ilitungwa na Wolfgang Schmieder, ikatoka mwaka 1950, naye alipanga kwa aina ya muziki: kantata, yaani kazi za kuimbwa pamoja na ala, mwanzoni, na vipande vya kinanda cha kanisa kuanzia 525. Aliingiza vingi vilivyokuwa vimechapishwa kwa jina la Bach na bado vinabishaniwa. Namba zikishaenea kwenye vitabu na santuri haziwezi kufutwa bila kuleta fujo, kwa hiyo zikabaki. Ichukulie BWV kama anwani ya nyumba: inakufikisha mlangoni, haikuambii ndani anakaa nani. Orodha yenyewe imeendelea kusahihishwa, toleo la tatu lilitoka mwaka 2022, na humo yanayotiliwa shaka yametajwa kuwa hivyo.

Karatasi ikishindwa kusema, watafiti huugeukia muziki wenyewe. Hapa uwe mvumilivu nami, maana ndipo watu wengi hukosea. Kusema "hii haisikiki kama Bach" si ushahidi. Kila mtunzi ana siku zake, na kijana wa miaka 18 hatungi kama mzee wa miaka 60. Hoja ya maana juu ya zile nane ni ya wakati. Chukua hiyo ya F meja unayoipiga. Preludio yake ni nyepesi, ina mwendo wa kuchezacheza, na inapendeza mara moja bila kukusumbua akili. Hayo ni mambo yaliyokuja kupendwa katika kizazi kilichomfuata Bach. Fuga nazo, yaani vipande ambamo mada moja hupokewa na sauti moja baada ya nyingine, katika mkusanyo mzima huingiza mada yake kwa utaratibu, kisha hazisafiri mbali. Sauti hutokea na kutoweka bila kuaga, na hakuna ile hali ya sauti nne kushindana huku zikisaidiana. Ukisema Bach alizitunga ujanani, ladha yake ni changa kuliko ujana wake. Ukisema alizitunga baadaye, wakati ladha hiyo imeshaenea, basi unasema mtu aliyekuwa ameshaandika zile fuga zake kubwa alirudi kuandika kwa mkono wa mwanafunzi. Kila upande unaokwenda, mlango unabana. Mimi nimezipiga na kuzifundisha miaka mingi, na siamini kwamba ni za Bach.

Lakini kumvua mmoja jina si kumvika mwingine. Krebs anatajwa kwa sababu nzuri. Johann Ludwig Krebs, aliyezaliwa 1713 na kufariki 1780, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wapendwa wa Bach pale Leipzig. Bach kwa Kijerumani ni kijito, na Krebs ni yule kaa wa maji baridi, na masimulizi ya zamani yanasema kwamba katika kijito hicho alinaswa kaa mmoja tu aliyefaa. Hata hivyo hatuna nakala ya zile nane iliyo na jina lake, na kazi ambazo kweli ni zake mara nyingi ni ndefu na zina maarifa mengi kuliko hizi. Wengine humtaja baba yake, wengine Johann Caspar Ferdinand Fischer, aliyechapisha preludio na fuga fupifupi mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo mgeni aliyekuambia "ni za Krebs" kwa uhakika ule alirudia kosa lilelile analolilaumu: alikuta nafasi tupu juu ya ukurasa akaandika jina.

Tokata na Fuga ya D maina, BWV 565, ni kesi nyingine kabisa. Nayo haina mwandiko wa Bach. Nakala kongwe tuliyo nayo iliandikwa na Johannes Ringk, aliyezaliwa mwaka 1717 na kusoma kwa Johann Peter Kellner, mnakili mkubwa wa kazi za Bach. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1833, na mtunzi Mendelssohn akaipiga mjini Leipzig mwaka 1840 katika onyesho la kuchangia mnara wa kumkumbuka Bach. Kwa muda mrefu hakuna aliyeitilia shaka kwa uzito, hadi mwaka 1981 Peter Williams, Mwingereza aliyejua muziki huu kuliko wengi, alipouliza hadharani kama kweli ni ya Bach na kama kweli ni ya kinanda.

Keti kwenye kinanda chako uone alichokiona. Piga mwanzo wake: mtikisiko wa A, kisha noti zinateremka mbio hadi C kali na kutua kwenye D. Mikono yote miwili inapiga kitu kilekile, okteva moja kati yake. Bach hana kawaida ya kufungua kipande cha kinanda hivyo. Nenda kwenye fuga: mada inarukaruka kati ya wimbo na noti moja ya A inayorudiwarudiwa. Mpiga fidla anaijua mbinu hiyo, maana A ni uzi wake ulio wazi, anaugusa tu bila kuukandamiza. Kwa kawaida sauti ya pili ya fuga hujibu kutokea ngazi ya tano. Hii inajibu kutokea ya nne. Baadaye mada inaingia kwenye pedali peke yake, sauti nyingine zote zimenyamaza. Na mwisho kabisa inafunga kwa kutoka G maina kwenda D maina, ikibaki na huzuni yake hadi noti ya mwisho, ilhali desturi ya wakati ule ilikuwa kukimalizia kipande cha maina kwa akordi ya meja. Kwa hayo, Williams akapendekeza kwamba huenda asili yake ni kipande cha fidla kilichogeuzwa.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana nao una nguvu. Christoph Wolff, mtafiti wa Bach, anaiona kuwa kazi ya Bach kijana, kabla hajatulia katika desturi zake. Zile okteva za mwanzo anazieleza kwa kinanda cha kanisa la Arnstadt, ambako Bach alifanya kazi akiwa na miaka 18. Kibodi zake hazikuwa na bomba za futi 16, zile zinazotoa sauti okteva moja chini ya noti unayoigusa na kukipa kinanda uzito. Basi kijana aliutengeneza uzito huo kwa mikono yake, kwa kupiga okteva. Tena usimdharau Ringk. Akiwa mvulana tu, mwaka 1730, alinakili kantata ya arusi ya Bach, BWV 202, na nakala yake ndiyo pekee iliyotuhifadhia kazi ile. Hakuna anayeikataa kwa sababu imepita mikononi mwake. Shahidi tunayemwamini hapa, hatuwezi kumkataa pale bila sababu.

Mimi nipo upande wa Wolff, ingawa siapi. Yale mambo ya ajabu ndani ya Tokata ni ujasiri wa mtu anayejaribu kitu, wakati udhaifu wa zile nane ni uangalifu wa mtu anayefuata kanuni alizofundishwa. Hizo ni tabia mbili tofauti sana. Ila mwanafunzi wangu akisimama na kusema anamfuata Williams, na akaweza kuniambia kwa nini, nitampa alama zote.

Kuhusu kompyuta. Kweli zipo kazi nzuri zilizofanywa kwa programu zinazohesabu tabia ndogondogo: sauti zinakutana kwa vipimo gani, mikwaruzo kati ya noti inatokea mara ngapi, sauti ngapi zinasikika kwa pamoja. Fuga ya F maina, BWV 534, ni mojawapo ya zilizopimwa hivyo. Lakini ili kompyuta imtambue Bach lazima kwanza uipe muziki ambao una hakika ni wa Bach, na muziki ambao una hakika ni wa Krebs, na kadhalika. Kazi za hakika za Bach kijana ni chache, na mtunzi halisi huenda ni mtu ambaye hatuna hata ukurasa wake mmoja. Kompyuta itachagua aliye karibu zaidi kati ya wale uliowapanga mbele yake. Ambaye hukumpanga haiwezi kumtaja.

Usidhani pia kwamba kazi hii ni ya kumnyang'anya Bach tu. Kuna konseto ya kinanda ya D maina, BWV 596, ambayo Wilhelm Friedemann, mwanawe mkubwa, aliandika juu ya karatasi za baba yake kwamba ni yake yeye, baba aliinakili tu. Ikachapishwa mwaka 1844 kwa jina la Friedemann, watu wakaamini. Mwaka 1911 Max Schneider akaonyesha kwamba ni Bach mwenyewe aliyeigeuza kwa kinanda kutoka konseto ya Vivaldi. Mwandiko ulikuwa wa Bach wakati wote, ila maneno machache ya mtoto wake yaliwafumba watu macho kwa miaka 67. Na mwezi Novemba 2025 mjini Leipzig zilitangazwa chakona mbili za kinanda (vipande vinavyojengwa juu ya besi inayorudiwa), ya D maina na ya G maina, zikapewa namba BWV 1178 na 1179, na mpiga kinanda Ton Koopman akazipiga katika kanisa la Mtakatifu Thomas. Mtafiti Peter Wollny alizikuta katika maktaba ya Brussels mwaka 1992, hazina jina la mtunzi. Alizihisi, lakini hakutangaza. Ilichukua zaidi ya miaka 30 hadi mwandiko ulipotambuliwa kuwa wa Salomon Günther John, aliyekuwa mwanafunzi wa Bach kule Arnstadt. Zingatia kilichofungua mlango: walipojua nani alinakili, alikuwa wapi na alisoma kwa nani, ndipo muziki ukapata kwao. Wanaosoma hadithi za Mtume na sanadi zake wataielewa njia hii mara moja: kwanza wapokezi, ndipo maneno.

Twende kwenye la kufanya. Kuacha kuzipiga itakuwa hasara isiyo na faida kwa yeyote. Vizazi vya wapiga kinanda vimejifunzia hapo kuitenga miguu na mikono, na bado sijaona kitu kinachozishinda kwa kazi hiyo. Kilichobadilika ni maneno ya kwenye ratiba. Ukiandika "J. S. Bach" bila neno jingine, sasa unajua kwamba unadai zaidi ya unachokijua. Ukiandika "Krebs", unadai zaidi hata ya hapo. Ukiandika "mtunzi hajulikani" peke yake hukosei, ila msikilizaji anayetaka kukitafuta kipande nyumbani utakuwa umemnyima njia, kwa sababu kinapatikana chini ya jina la Bach. Mimi huandika hivi: "Preludio na Fuga ya F meja, BWV 556. Hapo zamani ilihesabiwa kuwa ya J. S. Bach; mtunzi hajulikani kwa hakika." Kwa Tokata bado naandika jina la Bach, na nikipewa nafasi ya kuongea dakika moja nasema kwamba lina mjadala. Kama ni mtihani wa nje unaoufanya, andika jina kama mtaala ulivyoliandika, maelezo yako uyaweke kwa mdomo.

Na kwenye kupiga, jiulize kama jina halikuwa likikubana. Nimesikia wengi wakiipiga preludio ile ya F polepole, stopu zote zimefunguliwa, kwa kumheshimu Bach. Iachie ipumue. Chagua sauti mbili nyepesi, pedali iwe laini, uone itakavyochangamka.

Sasa kile kipande cha mwisho kwenye daftari, kisicho na jina. Umeona mwenyewe yaliyoipata minueti ya Petzold: ilikaa katika daftari la nyumba ya Bach, ikawa ya Bach. Usikiite cha Bach, tena usikikatie tamaa. Huenda mwalimu wako alikinakili kutoka kitabu kingine, huenda ni cha mwenzake wa darasani, na huenda amekitunga yeye. Andika noti kumi za mwanzo za mada yake, uzilinganishe na vitabu vya kinanda alivyokuwa navyo, na nyimbo za kitabu chenu cha ibada, na utunzi mwingine wowote aliowaachia kwaya. Waulize waliosoma naye wangali hai. Hapo mimi kwa maandishi siwezi kukufikisha. Inabidi mtu alishike daftari, aone kama wino ni uleule, kama kurasa zinafuatana au zilishonwa baadaye, kama mwandiko wa kipande hicho ni wa haraka wenye makosa yaliyokatwa, kama mtu anayetunga, au umetulia kama mtu anayenakili. Lipeleke kwa walimu wa idara ya muziki ya chuo kilicho karibu nawe. Walioko kaskazini mwa Tanzania wana Makumira, walioko Nairobi wana Kenyatta. Lisitoke mikononi mwako bila kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Usilitie gundi ya utepe palipochanika, wala usilihifadhi kwenye kabati la chuma lililoegemea ukuta wenye unyevu. Ukitaka kuona kazi hii inavyofanywa, ingia kwenye hazina ya mtandaoni iitwayo Bach digital, utafute P 595, ambamo imo nakala ya Ringk ya Tokata. Utamwona Ringk mwenyewe, kila noti aliyoiandika kwa mkono wake.

La mwisho, jina alilolitia mwalimu wako. Usilifute. Hapo juu hapakosei, maana panaonyesha kwa uaminifu kile ambacho mpiga kinanda wa kwetu alifundishwa wakati ule. Angekuwapo mtu kama wewe wa kumtunzia Ringk habari zake zote, leo tusingekuwa tunabishana. Kwa hiyo chukua penseli, si kalamu ya wino, na ndani ya jalada andika jina kamili la mwalimu wako, mahali alipozaliwa, chuo alichosoma, mwaka unaodhani alinakili, na tarehe aliyokukabidhi. Kisha uandike jina lako chini ya lake.